Watu wa Dirisha la Tatu

Nyumbani, 9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Alisema nikuandikie kwamba amekohoa wiki nzima, halafu akasema nisikuandikie. Nimetii yote mawili.

Mimi sijambo. Barabara bado ni mbovu, na Mungu aizidishie ubovu, maana siku ikitengenezwa fundi baiskeli wa bonde hili atakula spana zake. Binti yangu, Muuguzi wetu, ameanza muhula wa pili chuoni. Alikuja mapumziko akampima Mama presha mara sita kwa siku moja, mpaka Mama akaanza kumficha mkono. Kila nikimwona na ile sare nakukumbuka wewe. Wenzake wa huku walisubiri kadi ya ukazi kwa miezi. Yeye aliingia dirishani kwako asubuhi, adhuhuri akatoka nayo. Siku hizi mtu akienda mjini anaambiwa asipange foleni kwingine, aende dirisha la tatu kwa dada wa fundi. Umekuwa mashuhuri na hujui.

Sasa jambo lenyewe. Juzi ofisa wa wilaya alikuja, akapanda juu ya benchi langu la kazi bila hata kuomba, akasoma sheria mpya. Kila kabila lenye watu elfu tatu katika Daftari la Wakazi ifikapo tarehe 30 Juni litatambuliwa. Litabaki na ardhi yake, shule ya lugha yake na mjumbe wake barazani. Lisilofika elfu tatu litaunganishwa na kabila kubwa lililo jirani, ardhi itakuwa ya serikali, na watu watahamishiwa makazi mapya kando ya reli.

Watu walishtuka. Mimi nilicheka. Najua kwenye fomu zao hatuna jina, sisi ni namba ishirini na saba tu, lakini hata namba ina watu. Msiba mmoja hapa kwetu viti havitoshi! Wamenichagua katibu wa kamati ya kulifuatilia jambo hili, labda kwa sababu mimi ndiye mwenye kalamu na baiskeli. Wewe uko jikoni kabisa, hebu tuchungulilie. Daftari linasema tuko wangapi?

Mdogo wako,
Fundi

*

Mjini, 24 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe Mama tangawizi na asikae mlangoni penye upepo. Wala usimwambie kwamba nimejua.

Nimechelewa kujibu, kazi zilinizidi. Wamepaka ofisi rangi upya, kijivu juu ya kijivu, na feni ya pekee bado inamwelekea mkuu wetu. Sisi wa madirishani tunajipepea na mafaili.

Nimeangalia. Daftari linasema 2,618.

Najua hii siyo habari uliyoitarajia. Tafadhali usianze kupiga kelele. Ushauri wangu ni kwamba kamati iandike ombi la heshima kiwango kishushwe, kiwe elfu mbili na mia tano. Wakubwa hupenda kuombwa. Usianze kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, utawatia hofu bure. Haraka haraka haina baraka, nawe tangu utoto unakimbia kabla hujafunga kamba za viatu.

Mwambie Muuguzi asome. Asifikirie kingine chochote, asome tu.

Dada yako

*

Nyumbani, 6 Februari

Dada,

Shikamoo. Umenikataza kuhesabu, na barua yako imenikuta nimeshamaliza. Siku kumi na moja, chaki mkononi, kila mlango nimeutia alama. Tuko 3,049. Nimejihesabu mimi, nimekuhesabu wewe, na nimemhesabu Mama, ambaye aliniuliza kama kwa unene wake hawezi kuingia mara mbili.

3,049 utoe 2,618. Watu 431 wamekwenda wapi? Hawajafa, nimewaona kwa macho yangu, wengine wamenipa uji. Kwa hiyo hatuombi kushushiwa kiwango chochote. Tatizo siyo watu, tatizo ni kitabu. Kuna mtu ofisini kwenu ametuchomoa mmoja mmoja kama mtu anayechomoa spoku gurudumuni, akijua siku moja litapinda.

Dada, nina hasira. Nimezaliwa hapa, Baba amezikwa hapa, na karani mmoja aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka anaamua kwamba sisi hatupo. Nimeandika barua kwa gazeti, bado sijaituma, nakungoja wewe. Wewe ndiye macho yetu huko ndani. Mtafute huyo mtu. Ukimpata nipe jina lake tu, mengine niachie mimi.

Mdogo wako,
Fundi

*

Mjini, 20 Februari

Mdogo wangu,

Kikulacho ki nguoni mwako. Usitume ile barua ya gazeti mpaka umalize kusoma hii, na ukae chini kwanza.

Miaka sita iliyopita alikuja dirishani mama mmoja wa kwetu na mtoto mgongoni. Mtoto tumbo limevimba, na hospitali kuu haimpasui mtu asiye na kadi. Fomu yake ilikuwa sawa, ila kwenye kisanduku cha kabila kulikuwa na 27. Unajua fomu ya 27 huenda wapi? Mwisho wa korido kuna kabati la chuma lililoandikwa Uhakiki Maalumu. Hufunguliwa Alhamisi na bwana mmoja mwenye ufunguo, akiwepo. Kutoka humo ni miezi minne, mitano. Fomu ya namba nne, ya majirani zetu wakubwa, hutoka siku hiyo hiyo. Yule mama alikaa kwenye benchi akimbembeleza mtoto kwa lugha yetu, na mimi nilikuwa peke yangu humo ndani niliyeielewa. Nikaandika 04. Nikagonga muhuri. Saa nne asubuhi aliondoka na kadi, na mtoto akapona. Huyo sitamjutia hata mniue.

Akaja mwingine, ajira inamsubiri. Akaja mzee wa pensheni. Wakaja wanafunzi. Nikawa siangalii tena kama mtu ana haraka au hana. Nikimsikia tu anavyosalimia, mkono unaandika 04 wenyewe. Sikuwaambia. Tarakimu mbili kwenye pembe ya kadi, nani anazisoma? Waliozisoma walidhani ni namba ya ofisi. Nilijiona mwerevu kuliko serikali. Nilijiona nawabeba watu wetu mgongoni nikiwavusha, kumbe nilikuwa nawapunguza.

Ndani ya kifurushi hiki kuna daftari la shule. Nimewaandika wote, jina na tarehe, tangu yule wa kwanza, nikidhani siku moja mambo yakilegea nitawarudisha kimyakimya. Ni 431, hesabu yako haikukosea hata mtu mmoja. Muuguzi wetu yuko ukurasa wa thelathini na tatu.

Uliomba jina. Ni la dada yako.

*

Nyumbani, 3 Machi

Karani wa dirisha la tatu,

Nimesoma. Nimesoma tena barabarani nikaangusha baiskeli ya mteja.

Mimi nilikuwa nakusifu mbele za watu. Nilisimama kwenye kikao nikasema tusiogope, tuna mtu wetu ndani. Watu walipiga makofi. Unajua inavyouma kupigiwa makofi kwa ajili yako? Huko ofisini kwenu wapo wasiotupenda, miaka yote wametufungia kwenye kabati lao, na hawakuweza kutumaliza. Umeweza wewe, uliyenyonya titi moja na mimi. Na uliniambia nisihesabu! Uliniandikia haraka haraka haina baraka, nami nikajilaumu kwamba nina papara.

Mama ameuliza mbona sijamsomea salamu zako. Nimemwambia barua haijafika.

Niambie kama jambo hili lina dawa. Kama halina, usiniandikie.

*

Mjini, 15 Machi

Mdogo wangu,

Yote uliyoandika ni haki yako.

Dawa ipo. Sheria inaruhusu masahihisho mpaka tarehe 30 Juni saa kumi jioni. Kila mtu ajaze fomu ya kusahihisha kabila na aisaini mwenyewe; aliye chini ya miaka kumi na minane atasainiwa na mzazi. Na karani aliyeandika kosa lazima aape mbele ya hakimu kwamba kosa ni lake. Bila kiapo changu fomu zenu ni karatasi za kufungia karanga.

Nimeomba miadi na hakimu Jumatatu. Nitaapa kwa majina yote 431. Usinihurumie na usinishukuru. Wataninyang'anya kazi hapo hapo, na pengine nitalala ndani. Nimeshawapa majirani maua yangu ya kwenye kopo.

Lakini kuna jambo usiwafiche watu. Atakayerudi 27 faili lake linaingia kabatini, na vyote alivyopata kwa kadi ya 04 vitasimamishwa mpaka uhakiki uishe. Mwenye ajira atakaa nje. Mwenye chuo atapoteza nafasi yake, maana hawamwekei mtu kiti. Utawaomba watu jambo zito, nao watakutazama wewe kwanza. Mimi sikumuuliza mtu hata mmoja, ndiyo maana tumefika hapa. Wewe waulize. Na anzia nyumbani kwako.

Dada yako, hata kama hutaki

*

Nyumbani, 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeshindwa kuendelea kukununia, sina kipaji hicho. Habari za kiapo chako zimefika kabla ya barua. Wanasema ulisimama mbele ya hakimu saa tatu nzima, ukisoma jina baada ya jina, mpaka hakimu akaagiza uletewe kiti ukakikataa. Mama sasa anajua. Akasema, "Huyo ni mtoto wangu, hakuna anayemjua kwa ubaya zaidi yangu, na siyo mbaya." Kisha akaniuliza huko ulipo mnapewa blanketi ngapi.

Kazi ya fomu inaendelea. Nimepata saini 210. Mzee wa pensheni alisaini wa kwanza, akasema pensheni yenyewe haitoshi hata ugoro. Mama wa yule mtoto aliyepasuliwa alisaini huku analia, hakukulaumu. Wengine wananifungia mlango. Kijana mmoja aliyeajiriwa kwenye maghala aliniambia, "Fundi, jina la kabila halilipi kodi ya nyumba," nami nikakunja fomu yangu, maana ni kweli halilipi.

Mkubwa wao ni fundi mwashi. Ukoo wake wote ulipita kwako, watu tisini na wawili, nao husikiliza neno lake moja tu. Nimekwenda kwake mara nne. Mara ya mwisho aliweka mwiko chini, akaniambia mbele ya watu: "Wanangu watatu wana kazi kwa kadi hizi. Binti yako ana chuo kwa kadi hiyo hiyo. Siku nikiiona fomu yake na saini yake, za kwetu tisini na mbili utazibeba siku hiyo hiyo." Sikumwona mbaya. Hata mimi ningesema hivyo.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Fomu ya Muuguzi nimeshaijaza, imebaki saini yake tu. Nitampelekea.

Mdogo wako,
Fundi

*

Mahabusu ya Wanawake, 12 Mei

Mdogo wangu,

Barua zetu husomwa kabla hazijatoka, kwa hiyo nasalimia na wanaosoma.

Blanketi ni moja, mwambie Mama ni mbili. Tunalala wanane chumbani. Nimekuwa mwandishi wa barua za wenzangu. Kabla sijaandika namuuliza kila mmoja anataka niseme nini, halafu namsomea alichosema. Wananicheka kwa kuuliza sana.

Saini 210 ni nyingi. Nilipoona jina la fundi mwashi nilipiga hesabu kwa ncha ya kijiko ukutani. Ukiwapata hao na wengine themanini tunavuka. Najua saini unayomwomba mwanao itamgharimu nini, na najua nani alimweka mahali hapo. Mbusu kwa niaba yangu. Mwambie shangazi yake atamlipia chuo kingine hata kwa kufua nguo za watu.

Dada

*

Gereza la Wanawake, 4 Julai

Mdogo wangu,

Tarehe 30 imepita. Kesi yangu nayo imekwisha, ni miaka miwili, na sina kinyongo nayo.

Siku ile tangu saa nne asubuhi nilikuwa nahesabu. Saa kumi mlinzi akaniuliza nahesabu nini. Niambie neno moja tu. Tumevuka?

Dada

*

Gereza la Wanawake, 1 Agosti

Mdogo wangu,

Posta zimekuwa mbovu, au unaumwa? Nikipata hata kipande cha karatasi chenye tarakimu peke yake nitashukuru.

Mama hajambo?

Dada

*

Makazi Mapya, Safu ya Tisa, 19 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ni mimi, mwanao; chuo kilifunga Agosti, niko nao tangu hapo. Baba ameshindwa kukuandikia. Barua zako zote mbili nimezikuta chini ya godoro lake, zimefunguliwa.

Hatukuvuka. Baba alifikisha saini 297, daftari likasoma 2,915. Magari yalikuja wiki ya pili ya Agosti, yakatuhamisha kwa siku mbili. Nyumba huku ni za bati, zote sawa, na Bibi amekwisha kuingia za wengine mara tatu. Siku ya kuhama walikaa mezani makarani wawili, wakakusanya kadi zetu na kuzirudisha zikiwa na 04. Watu elfu mbili mia tisa kabla ya chakula cha mchana. Jambo walilokufunga kwa kulifanya kidogo kidogo, wao wamelifanya kwa muhuri mmoja, na walikuwa wanapiga soga. Bibi hakuichukua yake. Karani aliiacha mezani, mimi nikaichukua. Bibi hajambo, anakohoa.

Sasa nikuambie lililobaki, maana najua unalisubiri.

Tarehe 18 Juni Baba alikuja chuoni kwa baiskeli. Ni mwendo wa siku nzima. Nilimkuta getini, suruali imejaa vumbi, ana bahasha kubwa kifuani ndani ya shati, pembe yake inaonekana. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kuingia wodi ya kina mama, na nilikuwa nimezalisha. Nilimweleza yote, sikumpa nafasi hata ya kunywa maji. Nilimwonyesha mikono yangu. Alicheka, akaniuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Kila mara mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye ile bahasha na kurudi. Nilimuuliza, "Baba, hiyo ni nini?" Akasema ni risiti za vipuri. Akanipa sabuni miche miwili na daftari, akapanda baiskeli. Nilidhani ameona aibu kwa vumbi mbele ya wenzangu. Nilirudi darasani nikiwa na furaha, shangazi, na furaha hiyo sasa naionea aibu.

Kuhusu zile fomu nilijua juujuu tu. Baba aliniandikia kwamba wewe umekosa kazini na mambo yanarekebishwa, nisome, nisifikirie kingine. Kwamba jina langu limo kwenye daftari lako, kwamba fundi mwashi na watu wake tisini na wawili walikuwa wanangojea saini yangu, nimeyasikia hapa Safu ya Tisa, kwa mke wa fundi mwashi, tukichota maji. Alisema kwa upole kabisa. Alidhani najua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba. Alikuwa amekaa kitako kwenye kizingiti. Hatengenezi baiskeli tena. Huku barabara ni ya lami. Nilimuuliza ile bahasha ilikuwa na nini. Akanitazama, akaanza kulia kama mtu aliyefiwa, hapo hapo nje, watu wanapita. Nilimshika. Nilikuwa nimekasirika mno, lakini nilimshika.

Alipotulia nilimuuliza, "Kwa nini hukuniuliza, Baba? Ungeniuliza tu."

Akasema, "Nilijua ungekubali."

Mwanao,
Muuguzi